Fundi Aliyezima Feni

Sijui alizaliwa mwaka gani, na sidhani yeye mwenyewe alijua. Mambo ya ukoo wake waulize wenyewe huko juu ya Sigowet. Mimi ni mtu wa kutoka ziwani, baba yangu alikuja huku kuchochea moto wa boila kiwandani, na nani alizaliwa na nani kwa Wakipsigis ni hesabu ambayo mpaka leo inanishinda. Lakini ukoo wa ndege yake naujua wote. Ilifika Mombasa kwa meli, imevunjwavunjwa na kupakiwa ndani ya masanduku ya mbao. Injini yake ya kwanza iliuawa na mchanga wa kaskazini. Ya pili ilitolewa kwa ndege nyingine iliyovunjika miguu ikitua. Bawa la kushoto lilibadilishwa, la kulia halikuguswa. Mkiani ilikuwa na viraka kumi na kimoja vya kitambaa, kila kimoja mahali risasi ilipopita, na vinne kati ya hivyo alivibandika kwa mkono wake. Alinisimulia hayo miaka na miaka, bila karatasi, huku akikaza nati.

Kiwandani tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa sita, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani. Alikuwa mrefu, mkavu, ovaroli yake imepigwa pasi mpaka unaona mistari, na alitembea kichwa kimeinama upande wa kulia. Wageni walidhani anaumwa shingo. Hapana, alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa karani wa ofisi, akaniita Karani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata nilipokuwa na wajukuu.

Nianze na feni, maana ndizo zilizomfanya ajulikane. Majani mabichi ya chai yakifika kiwandani humwagwa kwenye vitanda virefu vya waya, na chini yake feni kubwa hupuliza hewa saa zote mpaka yanyauke. Feni hizo haziguswi ovyo. Ukiishi karibu na kiwanda unazizoea, husikii tena kwamba kuna kelele. Sasa ukungu wa kwetu unapoteremka asubuhi, ule mzito unaomeza kwanza mikaratusi, kisha nyumba za wafanyakazi, kisha hata mkono wako, Fundi alikuwa akiingia kwenye chumba cha swichi na kuzizima zote.

Alipozizima mara ya kwanza mbele yangu nilikuwa na wiki mbili kazini. Kimya kilikuja ghafla, nikaona wanawake wa kuchambua chai wamesimama, hakuna anayesema neno. Nje, Fundi alikuwa katikati ya uwanja wa kuegesha malori, mikono imeshikana nyuma, uso umeelekea juu. Matone yalikuwa yakianguka kutoka kwenye mabati. Baada ya dakika moja hivi aligonga kipande cha reli kilichokuwa kikining'inia mlangoni mwa karakana, kile cha kuitia zamu, akakigonga polepole mara nyingi kuliko zamu inavyohitaji. Kisha akaenda kuwasha feni.

Niliuliza mwanamke aliyekuwa karibu nami, "Huyu mzee ni mzima kweli?"

"Mzima kuliko wewe," alinijibu. "Kuna mtu anatafuta pa kutua. Nyamaza."

Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mmoja aligombana naye. Namkumbuka mmoja, kijana msomi, alimkuta uwanjani na kumwambia, "Mzee, unaniharibia chai."

"Dakika moja haiharibu chai."

"Unasikiliza nini huko juu?"

"Nasikiliza kama bado iko."

Meneja huyo alimwandikia barua ya onyo. Juma lililofuata mashine ya kukaushia ikagoma, mafundi watano wakashindwa, Fundi akaweka sikio kwenye bomba, akasema, "Beringi ya tatu, inalia," na ikawa ni beringi ya tatu. Barua ya onyo sikuiona tena kwenye faili, na faili nilizitunza mimi.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua kwa kiasi. Wakati wa vita vikuu vya pili aliandikishwa akiwa kijana, akapelekwa kaskazini mpaka milima ya Uhabeshi, akawekwa kusaidia mafundi wa ndege za kivita. Ndege yake, yeye alisema hivyo, yake, ilikuwa ya kiti kimoja, bunduki nane mabawani. Ilikuwa na fundi wake Mzungu, ambaye Fundi alimwita Koplo tu, na ilikuwa na rubani wake. Asubuhi moja iliruka, ukungu ukafunga uwanja nyuma yake. Baadaye waliisikia imerudi. Ilizunguka juu yao, haionekani, ikienda na kurudi, na wao chini wakawasha mikebe ya mafuta, wakapiga fataki, wakapiga kelele kama watu waliopotelewa na ng'ombe. Ikazunguka mpaka sauti ikaanza kukatika, ikaenda upande wa mabonde, haikurudi. Walitafuta siku tisa. Hawakupata hata kipande cha kitambaa.

Hayo aliyasimulia bila shida. Lakini alikuwa amenieleza pia kwamba kabla ndege haijaruka kuna fomu: fundi anaandika kwamba mashine ni nzima na kuweka sahihi, kisha rubani anaweka yake kwamba amepokea. Siku moja nikamuuliza, kwa ujinga wa karani anayependa fomu, "Na siku ile nani aliweka sahihi?" Aliondoka akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu mikono ambayo haikuwa michafu. Nilijua hapo ndipo penye donda, nikawa sigusi tena. Mwanamume huyu aliishi na swali moja tu, kama ndege ile ilikuwa nzima ilipotoka mikononi mwao, na hakuna mtu duniani aliyebaki wa kumjibu.

Kazini alikuwa na sheria moja ambayo ilimtoa povu. "Aliyeshika spana ndiye anaandika jina." Fundi mmoja mnene, mtu wa kwetu ziwani, aliwahi kuandika kwenye daftari la mashine jina la mwenzake aliyekuwa mgonjwa, ili mwenzake asikatwe siku. Ni wema huo, mimi ningefanya vivyo hivyo. Fundi aliichana ile karatasi. "Wewe unajua umemfunga nini huyo mtu?" alisema. "Akiamka apate mashine imeua mtu, na jina ni yake? Utamwambia nini?" Mashine yenyewe ilikuwa ya kupepeta vumbi la chai.

Lakini mwenyewe hakuandika jina lake popote. Alikuwa na mwandiko ambao sijauona kwa mtu mwingine, herufi zimelala upande mmoja kwa usawa, na bado kwenye mshahara, kwenye kituo cha kununulia majani, hata kanisani aliposhuhudia harusi ya bintiye, alitoa kidole gumba akakichovya kwenye wino. Nilimtania, "Fundi, watu watasema hukusoma."

"Waseme. Kidole hakiwezi kuwa cha mtu mwingine."

Habari za rubani alinisimulia kidogo kidogo, na kila mara alipomtaja alishusha sauti. Alikuwa kijana mwenye masikio mekundu, anatafuna vitunguu vibichi, anaimba vibaya. Kabla ya kupanda alikuwa akibisha mara tatu kwenye ubavu wa ndege kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayeomba kuingia kwa watu. Fundi alikuwa amemfundisha neno la kuagana la Wakipsigis, "Saisere," naye hakuwahi kulitamka sawasawa hata mara moja. Alilisema kila alipofunga kioo cha juu. Fundi alimpenda, hilo alilisema wazi. "Wengine walikuwa wananiita boi. Yeye aliuliza jina, akalishika."

Sasa nifike kwa mtoto, ambapo mimi, mtu wa kanisa, huwa najikwaa. Wakipsigis wana desturi: mtoto akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine, na jina litakalomfanya apige chafya, huyo ndiye aliyerudi. Kitinda mimba wa Fundi alipojifungua mvulana, waliita majina asubuhi nzima. Walimpa na ugoro kidogo puani. Mtoto akatulia tu, anawatazama. Wakarudia mababu wote, wakaingia kwa wajomba, wakaanza kutajataja hata watu waliokuwa hawapendwi. Kimya. Fundi alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta, na mke wake aliniambia kwamba alimsikia akisema jina moja, polepole, jina la Kizungu, kama mtu anayejisemea.

Mtoto alipiga chafya mara mbili.

Wale wazee walikubaliana wasiseme. Kanisani alipewa jina la mtume, basi. Lakini ile chafya ilimvunja Fundi, kwa sababu kwa hesabu ya kwao anayerudi ni aliyekufa. Miaka yote karatasi za serikali zilisema rubani amepotea, na mtu aliyepotea anaweza kuwa mahali. Sasa alijua. Kwa muda alikuja kazini haongei na mtu, ukungu ukashuka na hakuzima feni, tukashangaa. Kisha asubuhi moja akazizima tena. Nikamwambia, "Fundi, si ulisema amekufa?" Akasema, "Yeye amekufa. Mashine haijatua."

Nilicheka, nasema ukweli, nilidhani uzee umeanza kumchezea. Kicheko kiliisha siku nilipoenda nyumbani kwake kumpelekea karatasi za pensheni. Yule mtoto alikuwa na miaka mitatu. Alikuja mbio kutoka shambani, akafika mlangoni kwao, mlango uko wazi kabisa, akasimama. Akakunja kidole akabisha kwenye fremu mara tatu. Kisha akaingia. Nilimtazama mama yake. "Hiyo ni tabia yake," alisema, akiendelea kumenya viazi. "Gari, choo, hata zizi ya ng'ombe. Hatujui ametoa wapi." Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama miguu yake. Nilisahau nusu ya karatasi nilizokuja nazo. Kijana huyo siku hizi anaendesha gari la mkate kati ya Sotik na Ndanai, hana habari ya lolote, na mimi si wa kumwambia.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, Fundi alikuwa amestaafu miaka mingi na alikuwa hatoki nje bila fimbo. Mke wake alishatangulia. Binti yake alinipigia simu: kuna mama Mzungu anakuja Alhamisi kumwona mzee kwa habari ya ndege, mzee anataka Karani aje kutafsiri. Nilishangaa, kwa sababu Fundi alikuwa na Kiingereza. "Ni Kiingereza ya spana," aliniambia nilipofika. "Leo nataka maneno isimame sawasawa. Na nataka mtu wa kusikia."

Tulikuwa wawili sebuleni, mvua imepita, ukungu umekaa kwenye chai hadi dirishani. Aliniambia mgeni ni binti wa Koplo. Alikuwa anatafuta historia ya ndege ile kwa miaka, akapata jina la Fundi kwa mzee mmoja wa jeshi huko Kipkelion. Koplo alishtakiwa baada ya ndege kupotea, kwa sababu sahihi kwenye fomu ilikuwa yake. Hawakumfunga, lakini walimvua cheo, akarudi kwao akiwa mtu aliyeua rubani wake.

"Na hakusaini," Fundi alisema. "Ni mimi."

Nilivuta kiti changu karibu.

"Wiki tatu nilikuwa namwandikia hizo fomu, yeye anaweka sahihi. Mkono wake niliujua kuliko wangu. Asubuhi hiyo wakasema ako mgonjwa, ako na homa. Nilisimama nje ya hema, nikaita mara mbili, hakujibu. Nikasikia anakohoa. Sikuingia, Karani. Rubani alikuwa ananingoja. Mwafrika haruhusiwi kusaini, nami sikutaka ndege yangu ibaki chini. Nikaandika jina ya Koplo." Alifuta macho kwa kiganja. "Leo namwambia huyu mama. Nimengoja sana."

Niliona aibu kwa ajili ya kicheko changu cha zamani. Niliona na hasira pia, nikikumbuka jinsi alivyotoa kidole gumba miaka hiyo yote mbele yangu na mimi ninamtania.

Mgeni aliletwa na teksi kutoka Kericho. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, nesi mstaafu, viatu vimejaa tope, akaomba msamaha kwa tope. Alileta karatasi za ndege, nakala, akazipanga mezani: masanduku ya Mombasa, injini ya kwanza, injini ya pili, bawa, viraka. Kila kitu kilikuwa kama Fundi alivyonisimulia. Jina lake Fundi halikuwemo hata pembeni mwa ukurasa mmoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi ile. Fundi aliitazama, akavuta pumzi ya kuanza.

Lakini yule mama alimtangulia. Alisema hakuja kuuliza. Alikuja kusema, kwa sababu aliahidi. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Baba yake, kabla ya kufa, alimwambia kwamba hakuwa mgonjwa asubuhi ile. Jioni iliyotangulia alisikia kitu kwenye injini, sauti ndogo, akaona usiku umeingia na amechoka, akanyamaza. Kulipokucha aliogopa kuweka mkono wake kwenye karatasi. Akajifunika blanketi akajifanya ana homa. Alimsikia Fundi akimwita nje ya hema. Alijua kijana atasaini. Alimwacha asaini. "Alisema nikutafute," mama yule alisema, "nikuombe msamaha, kwa sababu yeye aliogopa kuja."

Niliyasema hayo kwa Kiswahili, nikashindwa mahali pawili, nikarudia. Fundi aliniomba niseme tena ile habari ya blanketi. Nikasema. Nilimwangalia nikitarajia atalia, au atanyanyuka, au atacheka hata. Zaidi ya miaka sitini. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na aliyeufungua ndiye mwenye deni.

Chai tuliyowekewa mezani ikaota ngozi juu. Kisha akaweka fimbo chini.

"Mwambie baba yake alikuwa mgonjwa."

"Mzee?"

"Mwambie niliingia kwa hema asubuhi hiyo. Nilimshika hapa." Aligusa paji la uso wake kwa vidole viwili. "Alikuwa anachoma. Hakunitambua. Mtu wa homa husikia sauti mingi, na baadaye anachanganya, anadhani alifanya hivi, alifanya vile. Mashine ilikuwa nzima. Niliisikiliza mwenyewe. Mwambie hivyo."

Nilimtazama. Alinitazama.

"Karani," alisema. "Mwambie."

Nikamwambia. Nimetafsiri mambo mengi maishani mwangu, mahakamani, hospitalini, kwa wafadhili, na huo ndio uongo pekee nilioupitisha nikijua, na sijautubu. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kama mtoto mdogo, mabega yakiruka. Alipoweza kuongea aliuliza, "Ana hakika? Alimgusa?" Sikuhitaji kutafsiri. Fundi alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha spana, kwamba alikuwa wa moto sana. Wakashikana mikono. Akaondoka na teksi yake, na karatasi zake, na baba yake.

Tulibaki tunasikiliza gari likiteremka mpaka likaisha ndani ya ukungu. Mimi nilikuwa na hasira, sijui ya nini. Nikamwambia, "Mzee, alikuletea uhuru wako mpaka mezani. Mbona umemrudishia?"

"Huyo mama bado iko na miaka ya kuishi. Mimi nitafanyia nini hiyo msamaha saa hii?"

"Lakini si kosa lako. Amekiri. Alisikia kitu kwenye injini, akanyamaza."

Fundi aliinua fimbo yake, akaiweka magotini, akaizungusha polepole. Kichwa kiliinama upande wa kulia kama kawaida yake.

"Mimi pia niliisikia," alisema. "Jioni hiyo hiyo. Tulikuwa tumesimama pamoja, yeye upande ule, mimi huu. Nikasema, kama ni kitu, Koplo angesema. Nani ataniuliza mimi? Pengine na yeye alisema, kama ni kitu, huyu kijana ana masikio, angeniambia."

Nje hakukuwa na sauti yoyote, hata ng'ombe. Nikamuuliza sauti yenyewe ilikuwa ya namna gani.

Alifungua mdomo, nikaona ulimi umejipanga tayari kuiiga. Miaka sitini na zaidi, na alikuwa nayo pale pale. Kisha akafunga mdomo, akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtoto wa watu, Karani," alisema. "Usiibebe."